Uzi wa magitaa, amplifaya na pedali: vifaa vyangu hapa Mwanza na sababu ya kila kimoja

#1 NyuziSita (mwanzisha uzi), Mwanza

Wakuu habari zenu. Kuna vijana wananiuliza pembeni gitaa gani wanunue na pedali (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti) ipi inafaa. Namjibu kila mmoja kivyake na majibu yanapotelea huko huko. Leo nayaweka hapa yote, na anayejua zaidi yangu aniongezee.

Mimi silipwi kwa muziki. Nina kazi yangu ya mchana. Gitaa ni la jioni, la Jumapili kanisani, na mara moja moja la harusini bendi ya marafiki ikikosa mtu wa rithimu. Lakini vifaa hivi nimevikusanya kwa miaka, kimoja kimoja, na hakuna ninachojuta kukinunua.

Naanza na jambo ambalo wengi hulikataa: kama hela inatosha kitu kimoja kizuri na kingine cha kawaida, kile kizuri kiwe amplifaya. Gitaa la kawaida lililorekebishwa vizuri litaimba kwenye amplifaya safi. Gitaa la bei mbaya likichomekwa kwenye amplifaya hafifu litatoa sauti hafifu tu, hata apige nani. Kwa muziki wa huku kwetu, dansi, sebene, benga na kwaya, hili lina uzito zaidi kuliko kwa mtu wa roki. Mtu wa roki anataka amplifaya izidiwe mpaka ikwaruze, ndiyo rangi ya muziki wake. Solo ya dansi inataka noti zisigandane hata ukiwa juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) unapiga noti mbili mbili kwa kasi, besi inanguruma pembeni na ngoma zinapigwa. Sikiliza Mbaraka Mwinshehe alivyokuwa akipiga na Morogoro Jazz, au Docteur Nico upande wa Kongo. Utamu wote uko kwenye uwazi wa noti.

Kwa hiyo amplifaya kwanza. Ninazo tatu.

Ya kazi ni Roland JC-40, mdogo wa JC-120. JC-120 ilitoka mwaka 1975: transista tupu, haina valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) hata moja, wati 120, spika mbili za inchi 12, na korasi ndani yake. Korasi ile haichanganywi ndani ya mashine. Spika moja inatoa sauti yako kama ilivyo, ya pili inatoa nakala iliyocheleweshwa kidogo sana na inayoyumba, na mchanganyiko unatokea hewani kati ya spika na sikio lako. Ukiketi mbele yake unasikia kama wapigaji wawili wamekaa bega kwa bega. JC-40 inafanya hivyo hivyo kwa wati 40 na spika mbili za inchi 10, na naibeba mwenyewe mpaka kwenye bajaji. JC-120 inahitaji watu wawili na ukumbi.

Ya pili ni Fender Blues Junior ya valvu. Wati 15, valvu mbili za EL84 za kusukuma spika, tatu za 12AX7 za kukuza sauti mwanzoni, spika moja ya inchi 12. Msidharau hizo wati 15, valvu zina nguvu ya ajabu ndani ya chumba. Nyimbo za taratibu na za kuabudu hapo ndipo nyumbani kwake, noti inafunguka na kufifia polepole. Shida yake ni harusini: ukitaka ishindane na ngoma inaanza kukwaruza kabla hujafikia sauti unayoitaka. Ndiyo maana JC-40 ndiyo inayotoka nyumbani.

Ya tatu ni Roland Cube Street, inayotumia betri sita za AA. Umeme ukikatika jioni, mazoezi yanaendelea. Nimekaa nayo juu ya mawe kule Capri Point jua linazama, na sidhani kuna kifaa kimenipa raha kuliko hicho kidogo.

Magitaa na pedali nitaweka posti inayofuata.

#2 KijanaWaIgoma

Mkuu heshima kwako. Nimesoma yote. Mimi sasa hivi nina hela ya gitaa tu, amplifaya bado kabisa. Nisubiri? Na ungetuwekea bei ingesaidia.

#3 NyuziSita

Usisubiri, mdogo wangu. Vidole havisubiri hela. Chukua akustika ya nyuzi za chuma kama Yamaha F310, jifunze nayo, itakaa nawe hata ukishapata la umeme. Langu bado lipo na ndilo ninalolishika asubuhi kabla ya kazi.

Bei siandiki kwa makusudi. Vitu hivi vinafuata dola na mzigo unavyoingia. Namba ya leo ikisomwa na mtu mwaka kesho itampotosha, na wauzaji watamkamata nayo. Uliza Kariakoo, uliza na Nairobi kwa watu wa mabasi yanayopita Sirari, kisha linganisha ukiweka na nauli ya mzigo.

Sasa magitaa.

Ninalolipenda kuliko yote ni Squier Telecaster. Leo Fender alilitoa gitaa hili California mwaka 1950 likiitwa Broadcaster, na 1951 likapata jina la Telecaster. Ni ubao mmoja bapa, shingo imefungwa kwa skrubu nne, pikapu mbili (sumaku zenye waya zinazonasa mlio wa nyuzi), nobu mbili, basi. Hakuna kitu ndani yake ambacho fundi makini wa redio hapa mjini atashindwa kukielewa akilifungua. Pikapu ya nyuma imekaa juu ya bati la chuma, na ile sauti kali inayokata ndiyo inayopita katikati ya besi na ngoma bila kuongeza sauti. Kwa solo ya sebene sijapata linalolizidi.

La kazi ni Yamaha Pacifica 112. Lina hambaka (pikapu ya koili mbili) karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa, na pikapu mbili za koili moja. Kanisani nabadilisha swichi na inatosha.

La tatu ni Epiphone Dot, lililofuata umbo la Gibson ES-335 ya mwaka 1958. Mbavuni liko wazi, lakini katikati limepitishwa gogo la mbao. Gogo lile linazuia mlio wa kujirudia unaoyasumbua magitaa yaliyo wazi kabisa ukiwa karibu na spika. Hili ni la rithimu, sauti yake ni ya mviringo, haimkanyagi mtu wa solo.

Mtaona Telecaster na Epiphone yanatofautiana hata mkononi. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani ni milimita 648 kwa Fender na takriban 628 kwa Gibson na ndugu zake. Uzi ule ule ukiutuni noti ile ile kwenye gitaa fupi unakuwa mlegevu zaidi. Mwenye vidole vidogo au anayeanza ataona nafuu.

#4 FundiWaya, Nyakato

Nachangia kama fundi, na nampinga mwanzisha uzi kidogo kwa heshima. Kabla ya amplifaya kuna kurekebisha gitaa. Kazi nyingi zinazoletwa kwangu ni magitaa mazima ambayo mwenyewe anataka kuyauza akidhani ni mabovu. Nyuzi ziko juu mno kutoka kwenye freti, au shingo imepinda kwa unyevu. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma yenye nati. Robo mzunguko tu wa nati hiyo unairudisha shingo mahali pake. Siyo zaidi ya robo kwa mara moja, halafu unaiacha itulie.

Kipimo cha pili kila mtu anaweza kukifanya nyumbani. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze freti ya 12 uupige tena. Noti ziwe ile ile, ya pili oktavu juu. Kama ya freti ya 12 iko juu kuliko inavyopaswa, kile kiti kidogo cha uzi huo pale darajani kirudishwe nyuma ili uzi urefuke. Kama iko chini, kisogezwe mbele. Wengi wanalaumu masikio yao kumbe ni skrubu.

#5 NyuziSita

FundiWaya nakubali moja kwa moja, na ndiyo maana niliandika "lililorekebishwa vizuri". Wakuu, hela ya fundi iwekeni kwenye hesabu siku ile ile mnaponunua gitaa.

Naongeza kuhusu hali ya hewa ya hapa. Sisi tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Tanga na Dar hawana: ziwa letu ni la maji baridi. Upepo wa bahari unabeba chumvi, unakula nyuzi, skrubu na jeki. Hapa adui ni unyevu wa masika ukifuatwa na ukavu wa kiangazi. Mbao inavimba, kisha inasinyaa. Akustika lisitundikwe ukutani palipo na jua la dirishani. Likae kwenye begi lake na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu mkimaliza, jasho ndilo linaloziua.

#6 DadaWaKwaya

Bwana asifiwe kaka zangu. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Nyegezi. Mpiga gitaa wetu akikaribia maikrofoni kuimba anapigwa shoti mdomoni. Anasema ni kawaida, amezoea. Hii ni kawaida kweli?

#7 NyuziSita

Dada, si kawaida, na naomba asipige tena hivyo Jumapili hii.

Naeleza sababu. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na daraja, daraja limeunganishwa na waya unaokwenda kwenye bodi ya chuma ya amplifaya, na bodi hiyo inatakiwa ishuke ardhini kupitia pini ya juu ya plagi. Anaposhika nyuzi, ameshika bodi ya amplifaya. Maikrofoni nayo imeunganishwa na bodi ya mikisa. Moja ya hivyo viwili ikikosa ethi, yaani huo waya wa kushuka ardhini, na kukawa na hitilafu ndani, umeme unatafuta njia, na njia hiyo inapita kwenye midomo yake, kifuani, hadi mikononi.

Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, kwa kugusa maikrofoni isiyo na ethi huku ameshika gitaa lake. Mtu mzima, mzoefu, mbele ya watu.

Kwenye makanisa yetu kuna tabia mbili mbaya. Ya kwanza ni kukata pini ya juu ya plagi, au kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma tundu la juu na kalamu. Tundu lile la juu ndilo la ethi. Ya pili ni ekstensheni za rahisi ambazo zina matundu matatu usoni lakini ndani zina waya mbili tu. Mwite fundi umeme apime soketi za madhabahuni, mikisa na amplifaya zichomekwe kwenye laini moja yenye ethi, na ekstensheni zifunguliwe zionekane ndani.

#8 FundiWaya, Nyakato

Naunga mkono. Dada, mwambie fundi apime kwa mita volteji kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maikrofoni, vyote vikiwa vimewashwa, mtu asiwe ameshika. Ikisoma zaidi ya volti chache, zima kila kitu.

#9 DadaWaKwaya

Asanteni sana. Nimewasomea kamati posti yote. Fundi anakuja Alhamisi kabla ya mazoezi.

#10 MtuWaNansio, Ukerewe

Wakuu huku kisiwani mimi natumia sola. Sina amplifaya, nina gitaa na spika ya redio. Kila nikichomeka kuna mvumo "mmmm" hauishi. Nikigeuka na gitaa unapungua, nikigeuka tena unarudi. Gitaa bovu?

#11 NyuziSita

Gitaa zima kabisa. Kupungua unapogeuka ndiyo dalili yenyewe. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Lakini waya ule ule unanasa pia kila uga wa sumaku uliopo chumbani: transfoma, taa, inveta. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na mvumo unaousikia ni huo pamoja na vizidisho vyake. Huko kwako inveta ya sola ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, hasa zile za bei nafuu.

Dawa ya asili ni hambaka, aliyoibuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955. Ni koili mbili ubavuni, moja imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Sauti ya uzi inajumlika, mvumo unaoingia kutoka nje unafutana. Kama gitaa lako lina pikapu tatu na swichi ya nafasi tano, jaribu nafasi ya pili na ya nne. Kwenye magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya kati imegeuzwa, na mvumo utakufa hapo hapo.

La pili, kaa mbali na inveta, na usipitishe waya wa gitaa sambamba na waya wa umeme.

La tatu, kuhusu spika ya redio: pikapu ya gitaa haipatani na tundu la redio, sauti inakuja nyembamba na isiyo na uhai. Kwa mtu wa sola ningekushauri Zoom G1 Four. Ni pedali ya efekti nyingi, inakubali betri nne za AA au umeme wa USB, kwa hiyo pawabanki inatosha. Ndani yake kuna mifano ya amplifaya, na ukitoka nayo kwenda kwenye spika ya redio utashangaa. Hata na spika za masikioni pekee unafanya mazoezi usiku bila kumwamsha mtu.

#12 KijanaWaIgoma

Mkuu na zile pedali ulizoahidi? Wengine tumekaa hapa hapa.

#13 NyuziSita

Nimepanga mbele yangu ubao wenye pedali tano. Signali inapita hivi: gitaa, tyuna, kompresa, ovadraivu, korasi, dilei, amplifaya.

Tyuna ni Boss TU-3. Ukiikanyaga inakata sauti, unatuni kimya. Hadhira isisikie ukitafuta noti, ni heshima kwa waliokuja.

Kompresa ni Boss CS-3. Kwangu hii ndiyo pedali ya dansi, na wauzaji hawaitaji kabisa. Inabana noti kubwa na kuinua ndogo, hivyo ule mfululizo wa sebene unatoka na noti zilizolingana, hata kidole kikichoka dakika ya nane. Isiwekwe nyingi. Nobu ya kubana ikipita nusu, gitaa linapoteza pumzi na mvumo nao unainuliwa.

Ovadraivu, ya kukwaruza sauti, ni Ibanez TS9, kijani. Naitumia kidogo sana, nobu ya mkwaruzo karibu na sifuri na ya sauti juu, ili kuisukuma ile Blues Junior tu. Kijana anayeanza aiache hii mpaka mwisho.

Korasi ni Boss CH-1, kwa siku ninazopiga kwenye amplifaya ya watu isiyo na korasi. Bendi za zamani zilikuwa na magitaa mawili hadi matatu yakisukana, na ukiwa peke yako korasi inakurudishia upana wa namna hiyo.

Dilei, inayorudia noti kama mwangwi, ni Boss DD-3, inafika milisekunde 800. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unapata milisekunde 500 kwa pigo moja. Kwa sebene mimi naweka nusu ya hapo, yaani 250, rudio moja tu, sauti ya chini kuliko noti yenyewe. Ikipita hapo unaanza kujikanyaga.

Umeme wa pedali: karibu zote hizi ni volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta nyingi za madukani chanya ndiyo iko katikati. Angalieni mchoro mdogo kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Na waya kati ya gitaa na pedali mita tano zinatosha. Waya mrefu unakula ukali wa sauti kwa sababu wenyewe unafanya kazi kama kapasita, kila mita inaongeza.

#14 MzeeWaDansi, Kirumba

Vijana, nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nichangie. Nilipiga gitaa la kati kwenye bendi miaka ya sabini na themanini. Nyuzi zilikuwa shida kubwa. Ukikatika uzi wa kwanza na dukani hakuna, tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukatoa uzi mmoja, ukaingia kazini usiku huo huo. Ulikula vidole na freti pia, lakini watu walicheza hadi asubuhi.

Huyu kijana mwenye uzi amesema magitaa yalisukana. Ni kweli, na mtindo wa kusukana unapotea. Solo iko juu, rithimu iko chini inashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), na gitaa la kati linajaza pengo. Wakongo wana namna yao wanayoita mi-composé: unatoa uzi wa nne mnene, unaweka mwembamba, unautuni D ya oktavu moja juu. Kodi zile zile unazozijua zinatoa mlio mwingine kabisa, unameta. Haihitaji pedali wala umeme wa ziada. Jaribuni.

#15 NyuziSita

Shikamoo mzee. Posti hii peke yake inatosha kuufanya uzi huu uwe na maana kwangu. Jioni hii Epiphone inapata huo uzi mwembamba.

Mzee nina ombi: ungekubali siku moja tukae, nirekodi unavyopiga gitaa la kati? Rekodi zipo, lakini solo inafunika, na mtu anayejifunza hawezi kuitenganisha mikono.

#16 MzeeWaDansi, Kirumba

Marahaba. Niko tayari, njoo na hiyo mashine yako ya betri, huku umeme hautabiriki.

#17 JirWaMusoma

Nimefurahi kukuta watu wa ziwa. Mimi ni wa benga. D.O. Misiani alizaliwa huku kwetu Shirati mwaka 1940 kabla hajavuka kwenda Kenya, na Shirati Jazz ilibeba jina la nyumbani. Swali: sauti ya gitaa la benga niitafuteje? Nina Stratocaster ya kichina na amplifaya ndogo ya transista.

#18 NyuziSita

Kaka, una karibu kila kitu. Benga imetoka kwenye nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Nyatiti haina noti ndefu: inapigwa, inakauka, inafuata nyingine. Kwa hiyo tafuta sauti fupi. Pikapu ya nyuma au nafasi ya pili, nobu ya besi kwenye amplifaya chini ya nusu, ya juu zaidi ya nusu, rivabu (mwangwi wa ukumbi) kidogo mno au zima kabisa. Dilei na korasi ziache. Nyuzi nyembamba, uzi wa kwanza ukiwa wa inchi 0.009, zitakusaidia kasi. Mkono wa kulia usogee karibu na daraja, na ubavu wa kiganja uguse nyuzi kidogo upande ule ili noti isiburuzike. Halafu sikiliza besi ya benga, maana solo inajibizana nayo na na mwimbaji. Ukijifunza solo peke yake utapata noti zote na bado haitakuwa benga.

#19 BusweluGita

Wakuu msaada wa haraka. Kaka yangu anarudi kutoka Marekani na amplifaya ya valvu, ametumiwa na kanisa la kule. Inafika wiki ijayo. Naweza kuichomeka hapa kwa adapta ya kawaida ya plagi?

#20 NyuziSita

Usiichomeke! Adapta ya plagi inabadili umbo la pini tu. Marekani ni volti 120, sisi 230. Ukiwasha, fyuzi ikiwa na bahati itakatika, isipokuwa na bahati transfoma ya ndani inaungua, na hiyo ndiyo roho ya amplifaya ya valvu. Tupe maandishi ya nyuma yake yote kama yalivyo.

#21 BusweluGita

Amenitumia picha. Imeandikwa 120V, 60Hz, 100W. Hakuna swichi ya kubadilisha volti.

#22 FundiWaya, Nyakato

Hapo inahitajika transfoma ya kushusha, 230 kwenda 110. Usichukue ya wati 100 kwa sababu imeandikwa 100. Chukua ya wati 300 hivi, zile za bei nafuu haziwezi kubeba namba zinazojiandika. Na iwe na ethi inayopita kutoka plagi hadi soketi yake. Fungua uone, nyingi waya wa ethi unaishia njiani.

#23 NyuziSita

Naongeza mambo ambayo muuzaji wa transfoma hatakwambia.

La kwanza, transfoma inagawa tu, haitulizi umeme. Ya 230 kwa 110 ikipokea 250 itatoa karibu 120. Ikipokea 190 itatoa kama 91, na valvu zitakosa joto lake. Umeme wa mitaani kwenu ukiyumba, weka stabilaiza kabla ya transfoma. Harusini kwenye jenereta dogo ni hivyo hivyo, na hapo mimi binafsi naacha valvu nyumbani.

La pili ni ile 60Hz. Transfoma ya ndani iliyopimwa kwa 60 ikilishwa 50 kwa volti ile ile, sumaku ndani ya chuma chake inaongezeka kwa asilimia 20, na inapata joto zaidi. Wengine wameandika 50/60Hz, hao hawana wasiwasi. Ya kwako imeandikwa 60 pekee. Kupewa 110 badala ya 120 kunapunguza mzigo huo, lakini bado saa la kwanza weka mkono karibu na transfoma kila baada ya muda, na usiifunike wala usiibane ukutani.

La tatu, isiwashwe kamwe bila spika kuchomekwa. Transista inavumilia, valvu haivumilii, transfoma ya kutokea, ile inayolisha spika, inaungua ndani ya muda mfupi. Na omu za spika zilingane na zilizoandikwa nyuma.

La nne, mvua. Radi za ziwani zinakuja usiku wakati umelala. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi. Chomoa plagi yenyewe kila ukimaliza kupiga.

Siku ikifika usiiwashe peke yako. FundiWaya yuko Nyakato, si mbali na wewe, na mimi nitakuja na mita. Kabla haijachomekwa tutapima kwanza soketi yako: volti kati ya laini na nyutro, kisha laini na ethi. Zote mbili zisome karibu 230. Ya pili ikisoma kitu kingine, tunaanza na soketi na amplifaya inabaki kwenye boksi.

#24 BusweluGita

Nimepima leo na jirani mwenye mita. Laini na nyutro 226. Laini na ethi 41.

#25 FundiWaya, Nyakato

Hiyo 41 ina maana huna ethi. Waya umekatika mahali au chuma cha ardhini hakikuwekwa kabisa. Jumamosi asubuhi nakuja na nondo ya shaba na waya, tuichimbie upande wenye unyevu. Mpaka hapo usiitumie soketi hiyo kwa kitu chochote chenye bodi ya chuma, pamoja na pasi ya mama.